Kipupwe Kikiingia, Pima Maji Kabla ya Kulisha Sato

Kuanzia Juni mpaka Agosti, wafugaji wenzangu wa huku Njombe hunipigia simu kwa swali lilelile: sato wamegoma kula, wapewe dawa gani? Usinunue dawa. Nunua kipimajoto.

Samaki ni mnyama wa damu baridi, na joto la maji ndilo joto la mwili wake. Wewe ukila ugali alfajiri yenye baridi kali, tumbo lako linausaga kwenye nyuzijoto 37 kama siku nyingine yoyote. Sato aliye kwenye maji ya nyuzi 18, na tumbo lake liko kwenye nyuzi 18. Vimeng'enya vinavyosaga chakula vinafanya kazi polepole, alichokula kinakaa tumboni muda mrefu, na njaa haimjii. Hajaugua. Anakula kadiri mwili wake unavyoweza kusaga.

Sato hula vizuri na kunenepa maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30. Yakishuka chini ya 20, hamu yake inapungua sana. Yakifika 16 hivi, kwa kawaida haonji kitu, na yakielekea 10 anaanza kufa. Basi yale maelekezo ya kwenye mfuko wa chakula, kwamba samaki wakubwa wapewe asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao kwa siku, ni ya maji yenye joto. Mimi maji yakiwa nyuzi 20 hadi 23 natoa nusu ya hapo. Chini ya 20 nawarushia kiganja kimoja tu kuwajaribu, na chini ya 18 nafunga mfuko. Usiwaonee huruma: samaki aliyepoa hutumia nguvu kidogo sana, anaweza kukaa siku nyingi bila kula na asidhurike.

Kupima si kazi. Funga kipimajoto kwenye kamba, kizamishe kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, subiri dakika mbili tatu, soma. Pima saa moja asubuhi, pima tena saa tisa alasiri. Andika kwenye daftari.

Kisha simama ukingoni saa saba au saa nane mchana, siku yenye jua. Utawaona sato wametoka kwenye kina na kujipanga upande wenye maji mafupi, migongo karibu inagusa hewa. Hawana njia nyingine ya kujipasha moto ila kuhama. Ndivyo anavyofanya kenge juu ya jiwe, na mamba wa Mto Grumeti akishashiba nyumbu hujianika ukingoni ili ile nyama isagike. Chatu naye, akimeza windo kubwa kisha akakosa joto, anaweza kulitapika. Saa hiyo ya maji mafupi ndiyo saa yako ya kulisha wakati wa kipupwe, na ulishe palepale walipo. Jioni usiwape. Usiku maji yatapoa na chakula kikiwa bado tumboni.

Rusha kidogo, tazama. Kwenye maji ya uvuguvugu punje za chakula hazikai zikielea, vinywa vinazidaka kwa kelele. Kwenye maji baridi zinavimba, upepo unazisukuma kwenye kona ya bwawa, zinalainika kuwa uji na kuzama. Uji huo ukioza unakula oksijeni na kuzalisha amonia, na hapo ndipo samaki wanaugua kweli. Na chakula ndicho kinachokula fedha nyingi kuliko kitu kingine katika ufugaji huu, kwa hiyo ile kona inaniuma kila ninapoiona kwenye bwawa la mtu.

Wenzetu wa Mwanza na Morogoro wana taabu ya upande wa pili. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki akiwa anasaga chakula anahitaji oksijeni zaidi. Usilishe alfajiri, maana usiku kucha mimea ya majini nayo imekuwa ikiitumia. Ukiwakuta wanahema juu ya maji, ingiza maji mapya na chakula kisubiri.

Huku kwetu mabwawa mengi tunayachimba mabondeni kando ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, na mfereji wa kijito unaachwa wazi mchana na usiku. Hayo ni maji baridi yanayomiminika juu ya samaki bila kupumzika. Ufunge, ufungue pale tu unapofidia yaliyopungua. Kata na matawi yanayoziba jua.

Kama daftari linakuonyesha maji hayavuki nyuzi 18 mwaka mzima, acha kushindana na sato. Fikiria trauti, samaki anayefugwa kwenye vijito vya Mlima Kenya, ambaye hushamiri kwenye baridi hiyohiyo inayomzubaisha sato. Kama yanavuka, basi vifaranga wa sato wapandikize Septemba au Oktoba, wapate miezi yote ya joto mbele yao. Wanaopandikiza Mei wanalisha kidogo mno kwa miezi mitatu, kisha wanamlaumu aliyewauzia mbegu.