Ametimiza miaka 16, lakini shule bado haijamwachia

Mama mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia wiki hii. Kijana wake alitimiza miaka 16 Oktoba 2025, kapata mtu wa kumpa kazi ya ghala, na mjomba mtu kamhakikishia kwamba ukifika 16 shule ni hiari yako. Mama anauliza kama ni kweli. Si kweli, dada yangu, na huyo mjomba nusura akuponze.

Tatizo la kwanza ni lugha yetu wenyewe. Tunasema “Uingereza” tukimaanisha nchi nzima, kumbe kwenye mambo ya shule kuna England, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini, kila moja na utaratibu wake. Jibu la shoga yako wa Glasgow halikufai ukiwa Birmingham. Naanza na England kwa sababu huyu mama yuko huko.

England mwaka wa masomo unaanza 1 Septemba na kwisha 31 Agosti. Waliozaliwa ndani ya tarehe hizo wanakwenda pamoja tangu Reception, darasa la kuanzia, ambalo wengi huingia Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Aliyezaliwa 31 Agosti ndiye mdogo kuliko wote darasani. Aliyezaliwa kesho yake, 1 Septemba, yuko darasa la chini na ndiye kaka mkubwa wa wenzake. Ukitaka kukokotoa haraka, chukua namba ya Year (yaani darasa) uongeze 5: huo ndio umri ambao wanafunzi wa darasa hilo wataufikia kabla mwaka haujaisha. Year 11 ni 16.

Wageni hujikwaa hapahapa. Darasa hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa kidato alichoishia mtoto, na kurudia darasa si kawaida. Sisi tuliozoea mwaka kuanza Januari tunamleta mtoto wa miaka 15 mwezi wa pili, anaingizwa Year 11, na mitihani ya GCSE, ile ya kumalizia Year 11, inaanza Mei. Miezi mitatu! Mzazi ana haki ya kuomba mtoto awekwe darasa la chini, ila uamuzi si wake. Omba kwa maandishi kabla hajapangiwa, na ambatisha ripoti za shule alikotoka. Ukikubaliwa, kumbuka kwamba tarehe ya kisheria ya kumaliza shule haisogei: itafuata umri wake hata akiwa Year 10, na kijana akiigundua anaweza kukuagia katikati ya masomo.

Tarehe yenyewe ni Ijumaa ya mwisho ya Juni, kwa yeyote aliyetimiza 16 au atakayetimiza kabla likizo ya kiangazi haijaisha. Mwaka 2026 ni tarehe 26 Juni. Kwa hiyo kijana wa Oktoba anakaa na miaka yake 16 darasani zaidi ya miezi minane, wakati mwenzake atakayetimiza 16 tarehe 20 Agosti anatoka siku ileile akiwa bado na 15. Ni dhuluma? Labda, ila ndivyo ilivyo. Wala mtihani wa mwisho haumfungulii mlango: akimaliza karatasi zake katikati ya Juni, kisheria bado ni mwanafunzi mpaka Ijumaa hiyo.

Kabla ya siku hiyo kijana wa miaka 15 au 16 anaruhusiwa kazi kidogo tu. Wiki za shule mwisho ni saa 12 kwa wiki: siku ya shule zisizidi 2, Jumapili 2, Jumamosi 8. Asianze kabla ya saa 1 asubuhi, wala asipitilize saa 1 jioni. Kiwandani au eneo la viwanda haruhusiwi kabisa. Halmashauri nyingi zinadai kibali, na anayekiomba ni mwajiri. Bila kibali, mtoto akiumia huenda bima ya mwajiri isilipe. Na kima cha chini cha mshahara hakimhusu mpaka umri wa lazima wa shule upite, hata kama ana 16. Ndiyo maana “kazi ya ghala” inanipa wasiwasi: anayemwajiri kijana huyu siku nzima katikati ya wiki ama hajui sheria, ama anaijua sana na anatafuta mikono ya bei rahisi.

Akikacha shule, anayelipa ni mzazi. Kukosa vipindi 10 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo kunatosha kufikiriwa faini, na kipindi hapa ni nusu siku, kwa hiyo ni siku tano tu. Faini ya kwanza ni pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, pauni 160 ukichelewa hadi siku ya 28. Hiyo ni kwa kila mzazi, kwa kila mtoto. Ya pili ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja, na baada ya hapo mjiandae kwa mahakama, ambako adhabu yaweza kufika pauni 2,500 au hata kifungo cha miezi mitatu.

Baada ya Juni shule inamwachia, lakini elimu bado. Sheria ya 2008, iliyokamilika kutumika 2015, inamtaka kijana wa England aendelee hadi atimize 18: asome muda wote, aingie uanagenzi, au afanye kazi au kujitolea saa 20 au zaidi kwa wiki huku akisoma au kupata mafunzo kwa sehemu ya muda wake. Asiyefikisha daraja la 4 (la juu kabisa ni 9) la Hisabati au Kiingereza kwenye GCSE kwa kawaida ataendelea na somo hilo chuoni, apende asipende. Kijana akikaidi yote hayo hatozwi faini, kwa kuwa vifungu vya adhabu havijaanza kutumika. Kinachouma ni Child Benefit, posho ya serikali kwa mzazi mwenye mtoto. Inakatwa 31 Agosti baada ya kutimiza 16, isipokuwa mmewajulisha HMRC, mamlaka ya kodi, kwamba anaendelea na masomo yanayotambulika ya zaidi ya saa 12 kwa wiki. Uanagenzi wa kulipwa hauhesabiki. Barua ya kuuliza hutumwa kwako, na wengi huiweka juu ya friji na kuisahau.

Wales tarehe ni ileile ya Juni, bila sharti la kubaki hadi 18. Scotland shule hufunguliwa Agosti na kuna milango miwili: atakayetimiza 16 kati ya 1 Machi na 30 Septemba hutoka 31 Mei, na wa kati ya 1 Oktoba na mwisho wa Februari hutoka likizo ya Krismasi inapoanza. Ireland ya Kaskazini wamekaza zaidi. Atakayetimiza 16 kati ya 1 Septemba na 1 Julai hutoka 30 Juni. Atakayetimiza kati ya 2 Julai na 31 Agosti anasubiri hadi 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo, dada, mwache kijana atafute kazi ya Jumamosi dukani, mwajiri aombe kibali, na maombi ya chuo yaingie sasa kabla kozi nzuri hazijajaa. Yule mwenye ghala mwambieni asubiri, na mkirudi kwake muulizeni kama anapokea vijana wa uanagenzi.