Ziwa Ngozi kwa penseli: maswali yenu na majibu yangu

Tangu mchoro wangu wa Ziwa Ngozi, lile ziwa la volkano kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, utoke kwenye safu hii, maswali yamemiminika. Leo nayajibu machache.

Dada, Ngozi tunajua lina umbo la ramani ya Afrika. Mbona kwako limekuwa utepe mwembamba? (Msomaji, Uyole)

Kwa sababu nilichora nikiwa nimekaa ukingoni, na kutoka pale ndivyo linavyoonekana. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na upana wa kama kilomita 1.5, ilhali ukingo uko mita 200 hivi tu juu ya maji. Jicho linayatazama maji kwa mshazari, kwa hiyo umbali wa kutoka ufuko wa karibu hadi wa ng'ambo hujikunja. Ukilazimisha ramani ya Afrika hapo, maji yatasimama wima kama kalenda ukutani.

Na kwangu, sura ya Ngozi iko kwenye kuta zake. Volkano ililipuka, chumba cha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, chini yake kikapungua, kilele kikatitia ndani. Ndiyo maana kuta zimezunguka pande zote na zote zinaporomokea katikati. Nilianza na mstari wa ukingo wa ng'ambo, nikashusha makorongo moja moja, kila mchirizi ukifuata mteremko wake. Maji niliyaacha mwisho kabisa. Anayeanza na maji huishia na bwawa la kawaida.

Kwa nini penseli wakati ziwa lina kijani kizuri vile? (Msomaji, Tukuyu)

Wewe wa Tukuyu unaujua ukungu wa Uporoto! Ukungu ukishuka, rangi ya kuchanganya na maji haikauki karatasini. Penseli inaendelea na kazi.

Penseli za leo zinafuata njia ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ya mwaka 1795: unga wa grafiti unachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha unachomwa. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Ukuta wa mbali niliuchora kwa 2H, penseli ngumu, msitu wa kati kwa HB, ya wastani, na mianzi na migomba pori iliyokuwa karibu yangu kwa 4B, laini na nyeusi. Weusi ukipungua kadiri unavyokwenda mbali, ukungu unajichora wenyewe. Ila karatasi ikishika unyevu, 2H huichimba, na hilo shimo raba haiondoi. Legeza mkono.

Maji uliyang'arishaje? (Msomaji, Mafinga)

Sikuyagusa. Ule weupe ni karatasi tupu. Niliweka kivuli cha ukuta majini kwa michirizi ya kushuka, nikaacha ukanda mmoja mweupe pale upepo ulipokuwa unapita.

Binti yangu kamaliza kidato cha nne, anataka kusafiri akichora. Ni kazi ya mwanamke kweli? (Mama, Iringa)

Mama, ni kazi yake kabisa, na wanawake wameifanya zamani. Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa 1830, alizunguka mabara akichora mimea na mandhari. Jengo la picha zake pale Kew, London, lilifunguliwa 1882, na ndani yake mna picha zaidi ya 800 za rangi ya mafuta. Kweli, yeye alikuwa na mali ya urithi. Binti yako atahitaji nauli na mtu wa kumwamini. Aanze na kilima cha hapo hapo Iringa. Akija Ngozi, achukue mwenyeji wa kumwongoza msituni, apande asubuhi, avae viatu vya kushika utelezi, na wewe ujue yuko na nani. Usimzuie, nakuomba.

Nina magoti mabovu. Kuna ziwa la volkano lisilo na mlima wa kupanda? (Mzee, Mbeya mjini)

Shikamoo mzee. Nenda Ziwa Masoko, wilayani Rungwe. Gari linakufikisha karibu na maji, na boma la Wajerumani liko jirani. Beba kigoda.

Michoro yangu inachafuka daftarini. (Msomaji, Njombe)

Unga wa 4B hauna mshiko. Weka karatasi nyembamba laini juu ya kila mchoro, kisha funga daftari kwa mpira ili kurasa zisisuguane. Wengine hupuliza sprei ya nywele. Inashika unga, lakini baada ya muda karatasi inageuka njano, kwa hiyo kwa mchoro unaoupenda nunua sprei ya wachoraji.