Kipokezi cha masafa mapana kinaponasa FM kila mahali

SWALI: Fundi, nimenunua kipokezi cha mkono cha mtumba kinachopokea kuanzia 0.1 hadi 1300 MHz. Naishi South C, Nairobi, ghorofa ya tano. Kwa antena fupi ya mpira iliyokuja nacho, marubani wa uwanja wa ndege wa Wilson nawasikia kwa mbali, na wakati mwingine hawasikiki kabisa. Nikavuta waya wa mita 12 kutoka roshani hadi kwenye tangi la maji nikidhani mambo yatanyooka. Sasa nikienda bendi ya ndege nasikia muziki na matangazo ya FM yaliyokwaruzwa. Masafa mafupi ni mngurumo mtupu mchana na usiku, na hapa na pale nasikia watu wakiongea kama bata. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Na busta ya antena itasaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, kipokezi ni kizima. Kimezidiwa. Ukishalielewa hilo, nusu ya matatizo yako utayamaliza bila kununua kitu cha bei kubwa.

Kipokezi cha namna hii kimetengenezwa kikubali karibu kila kitu kinachoingia kwenye antena, kwa hiyo vichujio vya hatua yake ya kwanza ni vipana sana. Nairobi ina vituo vingi vya FM vyenye nguvu, na wewe uko ghorofa ya tano bila kizuizi. Antena ya mpira ilikuwa inaingiza kidogo cha kila kitu. Waya wa mita 12 ukaleta FM kwa wingi hadi transista za mwanzo zikashindwa kuongeza nguvu bila kupinda mawimbi. Zikipinda, masafa mawili yanachanganyika na kuzaa masafa ambayo hayapo hewani.

Piga hesabu mwenyewe kwa vituo unavyovijua. Chukua 106.7 mara mbili, utoe 89.5: unapata 123.9 MHz, ndani kabisa ya bendi ya ndege. Chukua 105.2 mara mbili, utoe 89.5: unapata 120.9. Hakuna kituo cha muziki kinachorusha hapo. Mawimbi hayo yamezaliwa ndani ya kipokezi chako. Masafa mafupi nayo hayasalimiki. 103.5 ukitoa 93.9 ni 9.6 MHz, katikati ya bendi ya utangazaji ya mita 31. Sehemu ya ule mngurumo wako inatoka huko.

Kuthibitisha ni rahisi. Tafuta kwenye menyu kitufe kilichoandikwa ATT, yaani kipunguza nguvu ya mawimbi. Tega pale unaposikia muziki, kisha kiwashe. Kikipunguza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), kituo halisi kinashuka desibeli 10. Mchanganyiko wa aina ya 123.9 unashuka 30, na wa aina ya 9.6 unashuka 20, kwa sababu umetokana na mawimbi yaliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo muziki ukitoweka ghafla huku rubani akibaki, au hata akasikika vizuri zaidi, umepata jibu. Muziki ukipungua kidogo tu, tena ukiwa wa kituo kimoja kilicho wazi, hicho ni kivuli: kipokezi kinanasa masafa ya pili kimakosa. Kwenye redio za bei nafuu zenye masafa ya kazi ya ndani (IF) ya 10.7 MHz, kivuli huwa umbali wa mara mbili yake, 21.4 MHz, ndiyo maana 98.4 inaweza kujitokeza kwenye 119.8. Na ukichomoa antena kabisa halafu mlio bado upo, huo ni wa mzunguko wa ndani wa kipokezi. Uweke kwenye orodha ya kurukwa wakati wa kuskani, usihangaike nao.

ATT peke yake haitoshi kama dawa, kwa sababu inawapunguza marubani pia. Unachohitaji ni kuzuia FM kabla haijafika kwenye kipokezi. Vichujio vilivyotengenezwa kuzuia 88 hadi 108 MHz vinauzwa na vinafanya kazi nzuri. Lakini kabla ya kuagiza, tengeneza hiki kwa kipande cha kebo.

Tafuta kiunganishi cha T cha BNC (plagi ya kuzungusha na kufunga) na kebo ya koaksio ya RG-58, yenye waya wa kati na wavu unaouzunguka. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue ni pa kuanzia. Kata kipande cha sentimita 53, kifungie plagi upande mmoja, na upande wa pili uache wazi, waya wa kati na wavu visigusane. T iingie kati ya kebo ya antena na kipokezi, na kipande hicho kining'inie kwenye tawi la tatu. Kebo yenye urefu wa robo ya wimbi, ikiwa wazi mwishoni, inayazima mawimbi ya masafa hayo kana kwamba umegusanisha waya mbili. Kwa 98.4 MHz robo ya wimbi hewani ni sentimita 76.2, kwenye RG-58 ya plastiki ngumu mawimbi yanakwenda kwa kasi ya asilimia 66, kwa hiyo urefu sahihi ni sentimita 50.3. Unaanza na 53 ili uwe na nafasi ya kupunguza. Tega 98.4 kwenye kipokezi, angalia mita ya nguvu, kisha kata milimita 5 kwa wakati mmoja. Kila kipande unachokata kinasogeza masafa yanayozuiwa zaidi kama MHz 1 kwenda juu. Mita ikifika chini kabisa, acha. Ukikata kupita hapo, hakuna kurudisha. Kila ukikata hakikisha pia hakuna uzi wa wavu uliobaki ukigusa waya wa kati, maana kosa hilo dogo linageuza kila kitu.

Kazi yake ni hii: katikati ya bendi unapata punguzo la desibeli 25 au zaidi, na kwenye ncha, karibu na 89.5 na 106.7, unapata kama 11. Kumi na moja inaonekana ndogo, lakini kumbuka hesabu ya mchanganyiko: vituo vyote viwili vikishuka 11, kile cha 123.9 kinashuka 33. Bendi ya ndege inalipa gharama ya desibeli 3 hadi 5, ambazo hutazihisi kwa ndege zilizo karibu. Masafa mafupi hayaguswi. Kipokezi chako cha mkono huenda kina soketi ndogo ya SMA. Usining'inize T na kebo nzito moja kwa moja juu yake, itavunjika. Tumia kebo fupi laini ya SMA kwenda BNC, na T uifunge kwenye meza au dirisha.

Sasa antena ya ndege. Waya wa mita 12 uliolala haufai kwa kazi hii. Mawasiliano ya ndege yanarushwa kwa antena za wima, na waya mrefu kwa masafa hayo unasikia vizuri pande fulani na kuwa kiziwi pande nyingine. Tengeneza ya robo wimbi: soketi moja ya SO-239 ya kufungwa kwa skrubu nne, waya wa shaba wa umeme wa milimita mraba 2.5 uliovuliwa ganda, sentimita 57 ukiulehemu wima kwenye kitobo cha kati, na waya nne za sentimita 60 kwenye matundu manne ya skrubu, ukizikunja kuelekea chini kwa nyuzi 45. Vipimo hivyo vimelenga 125 MHz na vinatosha bendi nzima ya sauti, 118 hadi 137. Kwa kebo ya kuteremkia chukua RG-6, ile ya madishi. Ni ya ohm 75 na kipokezi kinataka 50, lakini hasara ya tofauti hiyo haifiki hata robo ya desibeli, wakati kwa mita 20 RG-58 inakula zaidi ya desibeli 3. Tazama pia waya za umeme: antena ikianguka upande wowote isizifikie. Mvua yenye radi ikikaribia, chomoa kebo kwenye kipokezi.

Hakikisha modi, yaani namna ya kupokea, ni AM. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kipokezi kikiwa kwenye modi ya kujichagulia kinafuata mpangilio wa nchi kilikouzwa mara ya kwanza. Ndege hutumia AM mpaka leo. Ukiwa kwenye FM utasikia sauti iliyofifia na kupindika, ukadhani antena ndiyo mbaya. Hatua ya kutega iwe 25 kHz. Kwenye redio ya kawaida ya AM, 531 hadi 1602 kHz, hatua kwetu ni 9 kHz. Kipokezi cha Marekani huja na 10, na ukikiacha hivyo kila kituo kinakuwa pembeni kidogo. Skwelchi, yaani kinachonyamazisha kelele pasipo mawimbi, ifungue mpaka usikie mkwaruzo, kisha ifunge taratibu mpaka ukatike, usiongeze hata alama moja. Ukiifunga sana, marubani wa mbali wanakatwa pamoja na kelele. Ndege iliyo futi 35,000 unaweza kuisikia kutoka zaidi ya kilomita 400, huku mwongozaji aliye ardhini ng'ambo ya majengo asisikike, kwa hiyo usishangae ukisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

Tuje kwa masafa mafupi. Ukishaweka kile kipande cha kebo, kelele iliyobaki kwa kawaida ni ya nyumbani: chaja za simu, taa za LED, adapta ya ruta, televisheni, kamera za usalama, kidhibiti cha sola. Endesha kipokezi kwa betri, tega sehemu tupu karibu na 10 MHz kwenye AM, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikishuka, iko kwako. Washa vifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Isiposhuka, ni ya majirani au ya jengo, na hapo dawa ni kuhamisha antena, si kuirefusha. Mwisho wa waya unaoingia roshani ndio unaonyonya kelele zaidi. Upeleke waya wote juu ya paa, uteremshe kwa kebo ya koaksio, na kabla haijaingia nyumbani izungushe mara 10 ndani ya pete ya feraiti ya aina nambari 31. Pete hiyo inazuia kelele isipande kwa nje ya wavu wa kebo hadi kwenye antena. Ukipita hatua hii hutapata faida yoyote ya waya mrefu, kwa hiyo usiiruke.

Wakati nao una uzito. Mchana sikiliza kuanzia 11 MHz kwenda juu, yaani mita 25, 19 na 16. Jua likizama, ambalo kwetu ni karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hamia 5.9 hadi 9.9 MHz. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, radi huleta milipuko ya kelele usiku ambayo hakuna kichujio kitakachoiondoa.

Wale wanaoongea kama bata wanatumia SSB, modi inayorusha upande mmoja tu wa mawimbi ya sauti. Mawimbi yao hayana mbebaji, yaani wimbi la msingi linalobeba sauti, na kipokezi lazima kimtengeneze ndani. Vipokezi vingi vya mkono vya hadi 1300 MHz vina AM na FM tu. Kama chako hakionyeshi LSB (upande wa chini) na USB (upande wa juu) kwenye modi, hakuna mpangilio utakaokiwezesha. Kama kinazo, wapenzi wa redio wanaorusha wenyewe hutumia LSB chini ya 10 MHz na USB juu yake, na ndege hutumia USB daima. Jaribu 11300 kHz, mojawapo ya masafa ya safari za ndege ya ukanda wetu, ukitega kwa hatua ya 100 Hz au ndogo zaidi.

Busta usinunue. Itaiongezea FM nguvu ileile inayokuumiza.

Kuhusu orodha ya masafa: ya viwanja vya ndege yamo kwenye chapisho la taarifa za anga la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, yachukue huko, maana orodha za mtandaoni nyingi zimepitwa na wakati. Kituo cha anga cha kimataifa hurusha kwenye 145.800 MHz, FM nyembamba. Kinapokaribia tega 145.803, kikiondoka 145.797. Mawasiliano ya polisi na ya watu binafsi yaache, usiyarekodi wala kuyasambaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Kama unataka kujua kipokezi chako kinahitaji kibali gani, au siku moja ukitaka kurusha na kupata alama ya mwito ya 5Z4 ya wapenzi wa redio wa Kenya, uliza Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way.