Anti, wageni wananiangalia tu ulimi unakauka

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27 niko Rau hapa Moshi, nimebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro miaka sita, mgumu kabisa, njia za Machame na Marangu nazijua kama njia ya kwenda chooni kwetu. Mwaka huu nikapata leseni nikaanza kutoka kama msaidizi wa muongoza wageni. Shida yangu ni brifingi, yale maelezo ya safari tunayowapa wageni hotelini kabla ya kupanda. Mwezi uliopita muongozaji mkuu akasema leo ongea wewe, wageni wanne tu Anti, wanne, wamekaa kwenye viti vya hoteli wametulia, nikataja jina langu vizuri afu moyo ukaanza kupiga mpaka nausikia masikioni, vidole vikafa ganzi, ulimi ukakauka, nikasahau hata tunapanda siku ngapi. Mzee akanidaka akaendelea yeye. Tangu hapo usiku silali, najiuliza hivi mi naweza kweli au nirudi tu kubeba. Rafiki yangu kanishauri nisimame kwenye kioo nijiambie mi ni simba. Nimefanya wiki nzima, kwenye kioo ni simba, mbele ya wageni ni mbuzi.
Mgumu wa Rau

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya mbuzi nimeisoma nikiwa kwenye kifodi natoka Sakina nikacheka peke yangu mpaka konda akauliza mama vipi.

Sasa tuanze na hivyo vidole maana naona vimekutisha kuliko hata wageni wenyewe. Mwili wako ulisikia hatari, basi. Haujui tofauti ya chui na mzungu mwenye kikombe cha chai, ukishaambiwa kuna hatari unafanya kazi moja tu, kuna tezi mbili zimekaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbiza damu kwenye misuli ili ukimbie, mate yanakauka na tumbo linasimama manake hakuna anayekula huku anakimbia. Kuna daktari mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alikuwa anaangalia matumbo ya paka kwa eksirei akaona paka akikasirika tu tumbo linaacha kusaga chakula, akaendelea na hayo mambo mpaka mwaka 1915 akaandika kwamba mwili unajiandaa kupigana au kutoroka. Na ganzi? Ulikuwa unahema haraka haraka juu juu bila kujua, ukatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, hapo vidole vinawasha na kichwa kinakuwa chepesi. Kwa hiyo hukuwa unaumwa na hukuwa mjinga, ulikuwa na miguu imejaa mafuta halafu umesimama kwenye kapeti huna pa kukimbilia.

Ndo maana kioo hakijasaidia. Unaongea na kichwa wakati moto unawaka huku chini kifuani, ni kama kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa wakati nyumba inaungua, atapokea vizuri tu lakini maji hana.

Ngoja nikwambie kitu. Miaka ya nyuma nilipanda njia ya Marangu, usiku ule wa mwisho pale kambi ya Kibo kwenye mita 4,720, giza, baridi, nimeshaanza kulia na safari hatujaianza. Nikawa namuuliza kijana aliyenishika kila baada ya dakika mbili, bado sana? nitafika kweli mimi? Hakunijibu unaweza, wala hakuniambia mimi ni simba. Alisema, mama angalia kisigino changu. Nikaangalia. Kiatu chake kilikuwa na kiraka cha raba kimeshonwa na uzi mweupe, kwenye mwanga wa tochi nikawa naona nyuzi saba, kinanyanyuka, kinashuka, nahema, kinanyanyuka. Nimetembea masaa na zile nyuzi saba. Niliishia Gilman's, pale ukingoni juu, mita 5,681, kilele chenyewe cha Uhuru sijafika na sidai, lakini ile nitafika kweli haikurudi tena, siyo kwamba nilipata jibu, ilikosa tu pa kukaa.

Na we hiyo kazi unaifanya kila wiki! Mgeni akianza kuhesabu mita zilizobaki kutoka kambi ya Barafu mpaka kileleni unamrudisha kwenye mguu wake, pole pole, weka huu, weka huu. Sa mbona mwenyewe ukiwa hotelini unaangalia kilele?

Basi fanya hivi. Moyo huwezi kuuamrisha, jasho huwezi, ila pumzi ni yako. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono ukiwa umetulia, utasikia ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza. Kwa hiyo toa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, vuta kwa hesabu ya nne kwa pua, toa kwa sita, taratibu, kama unapuliza uji wa moto ambao hutaki umwagike. Dakika mbili kabla wageni hawajaja, umesimama, unakandamiza kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu mpaka usikie sakafu. Neno la kwanza lisitoke kabla pumzi haijatoka. Na maji kunywa, ulimi mkavu ni ulimi mkavu tu usiutafutie maana.

Afu usianze na hotuba, kwa maoni yangu hapo ndo mnapokosea wengi. Anza na vifaa. Mwambie mgeni lete jaketi nilione, lishike, vuta zipu, angalia gloves, uliza chupa za maji ziko ngapi. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafuata wenyewe, ukija kustuka umeshaongea dakika tano na siku za safari umezitaja.

Mazoezi nayo usifanyie kwenye kioo. Kimbia kidogo msitu wa Rau, ukirudi moyo bado unagonga, jasho linatiririka, wakalishe wadogo zako kwenye benchi uwape brifingi hapo hapo kwa Kiingereza, wacheke wakitaka. Mwili uzoee kwamba moyo kwenda mbio na kuongea vinaweza kukaa pamoja. Wiki mbili tatu, siyo siku moja.

Usiku mawazo yakija usibishane nayo, saa tisa usiku hakuna anayeshinda kesi. Tafuta mgongo umegusa wapi godoro, kisigino kiko wapi, shuka lina baridi upande gani. Ukilala sawa, usipolala angalau ulikuwa na cha kufanya.

Angalizo moja, najua unalijua ila naandika kwa ajili ya wengine. Haya ni ya hotelini. Kule juu kileleni oksijeni ni kama nusu ya ya pwani, mtu akihema sana na amekaa, au anakohoa povu, au anayumba kama kanywa mbege, hiyo siyo hofu, usimfundishe kupumua, mshushe. Na wewe kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala tu unaangalia mpira, nenda hospitali wapime damu na tezi ya shingo kwanza.

Kurudi kubeba siyo aibu, kilo 20 begani ni kazi ya heshima. Ila usirudi kwa ajili ya dakika kumi za hotelini.

SWALI: Anti mimi niko Ngaramtoni, nimejifungua miezi mitano, hofu inanishika jioni bila sababu. Mwenzangu kanifundisha kufumba macho nihesabu pumzi, nikifumba ndo nazidi kuogopa, na kwenye maombi wananiambia hayo ni mambo ya mapepo.
Mama Junia

JIBU: Pole mama. Basi usifumbe. Wapo wengi wakifumba macho inakuwa mbaya zaidi na hawana pepo lolote. Menya ndizi huku unaangalia, sikia utomvu unavyonata kwenye vidole, ganda linavyokatika, maji ya sufuria yanavyoanza kulia, mikono ndo ikuhesabie. Lakini hofu ya kila jioni baada ya kujifungua usiinyamazie, ukienda kliniki ya mtoto mwambie nesi kabla hata mtoto hajawekwa kwenye mzani, inatibika na wanaiona kila siku. Na ukilala usingizi wa shida au ukawaza mabaya juu yako au ya mtoto usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo na mtu akusindikize.

Machalari yakiiva nipe taarifa, Ngaramtoni siyo mbali.