Bahari haina ukuta

Wiki hii mmetuuliza: kati ya kuogelea bwawani na kuogelea baharini, kipi bora? Nimezoea kote kuwili kwa miaka mingi, na jibu langu linaanzia kwenye kitu ambacho watu hawakitaji: ukuta.

Wengi wakilinganisha huanza na chumvi. Ni kweli, inasaidia. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na hivyo maji hayo ni mazito kuliko ya bwawani kwa asilimia mbili na nusu hivi. Mwili unaihisi tofauti hiyo papo hapo. Kulala chali juu ya maji kunakuwa rahisi, na ndiyo maana aliyejifunzia baharini akiingia bwawani hushangaa kuona miguu inamvuta chini. Jambo la chumvi linaishia hapo.

Ukuta ni habari nyingine. Katika bwawa la mita 50, anayeogelea mita 1,500 anageuka mara 29. Katika bwawa la mita 25, mara 59. Kila akigeuka anajisukuma kwa miguu, na mikono inapumzika kidogo. Akichoka, anashika ukingo. Chini yake umechorwa mstari mweusi wa kumwonyesha njia. Nilijifunza hivyo, nikazoea, mpaka nikadhani kwenda moja kwa moja ni uwezo wangu mwenyewe.

Siku ya kwanza kuingia baharini nilikuwa tayari namaliza kilomita nzima bwawani bila shida. Nilitazama chini nikaona ukijani mtupu. Nikapiga mikono kama nilivyofundishwa, nikageuza uso kulia kuvuta pumzi, wimbi likaja upande huohuo, nikavuta maji badala ya hewa. Nikakohoa, nikanyoosha mkono kutafuta ukingo. Hadi leo naukumbuka mkono ule, vidole vikifumba na kufumbua ndani ya maji, havipati kitu. Nikalala chali mpaka pumzi ikarudi. Nilipoinua kichwa, nguo zangu nilizoziacha ufukweni zilikuwa mbali kabisa kushoto. Muda wote ule nakohoa, mkondo ulikuwa unanibeba.

Matthew Webb alipovuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875, alikaa majini karibu saa 22, na sehemu nyembamba ya mlango ule ina kilomita 33 hivi tu. Mikondo ilimpindisha njia. Huyo alikuwa nahodha, mtu wa bahari.

Kwa hiyo bwawa silidharau hata kidogo. Mtindo wa mikono, utulivu wa kichwa, kutoa pumzi ndani ya maji, hayo hayafundishiki ukipigwa na mawimbi usoni. Mtoto aanzie bwawani. Lakini asiambiwe kwamba anajua kuogelea, halafu akaachwa aende baharini peke yake. Huko kuna mambo mengine ya kujifunza: kupumua pande zote mbili, kuinua macho kila baada ya mapigo machache, kujua maji yanajaa au yanakupwa, na kukumbuka kwamba wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, yanakwenda kwa nguvu zaidi.

Zaidi ya yote, ajue mkondo unaotoka ufukweni kwenda kilindini. Mara nyingi unapita pale ambapo mawimbi hayavunjiki, panapoonekana shwari, na ndipo mgeni anapopachagua aingie. Unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa Olimpiki haimudu kwa dakika mbili. Usishindane nao. Elea, inua mkono uombe msaada, au ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.

Mimi bahari ndiyo naipenda zaidi, na ninaiendea hivi: kabla sijalowa natupa kijiti majini, nasimama kukitazama kinaelekea wapi. Kikienda kushoto, mimi naanza kwa kwenda kulia, mikono ikiwa bado na nguvu, ili wakati wa kurudi mkondo unisindikize.