Jibu: Sauti za DX7 si rekodi

Mkuu, umeuliza kama zile kengele na piano za Yamaha DX7, kinanda cha kielektroniki, ni rekodi za ala halisi. Hapana. Mle ndani hakuna kilichorekodiwa. Kila sauti inakokotolewa papo hapo, na aliyegundua njia hiyo ni John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Mwaka 1967 alikuwa akijaribu kwenye kompyuta ule mtikiso wa mpiga fidla anapochezesha kidole juu ya uzi ili noti iyumbe kidogo. Kompyuta haichoki kama kidole, basi akaongeza kasi, akaongeza tena. Mtikiso ulipofika mamia kwa sekunde, sikio halikusikia tena noti inayoyumba, lilisikia sauti mpya kabisa. Mawimbi mawili tu mepesi, moja likilitikisa jingine! Kasi zao zikiwa 1 kwa 1 unaweza kupata tarumbeta. Zikiwa 1 kwa 1.4, inalia kengele. Hapo mimi hustaajabu kila mara.

Tena hakuwa mhandisi, alikuwa mwanamuziki. Yamaha walichukua leseni ya njia hiyo miaka ya 1970, DX7 ikatoka 1983.

Kama unayo, fungua sauti ya kengele, tafuta opereta zinazotikisa (opereta ni kile kinachotoa wimbi moja jepesi; kila sauti ina opereta 6), ushushe nguvu zake polepole hadi 0 huku ukibonyeza kitufe kimoja cha kinanda tena na tena. Utasikia shaba yote inayeyuka, unabaki mluzi mtupu.