Kaka yako hajaonekana tangu maandamano

Dada, pole sana. Kaka kukamatwa Kondele, hapa Kisumu, na kila kituo unachoenda wanasema hawamjui! Usirudi peke yako. Nenda na wakili, ombeni kitabu cha OB, kile polisi wanachoandikia matukio ya kituo, uandike saa na namba ya afisa atakayewajibu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zinaishia wakati korti imefungwa. Zikipita, wakili aende Mahakama Kuu leo hii. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, pia wapelekee malalamiko.

Ukirudishiwa nguo zake, usizifue. Shati la mdogo wangu lilirudi na damu kwenye kola. Mama akalifua usiku uleule, ushahidi ukaisha.

Dhamana ulipe kwa risiti tu. Akipelekwa rumande, usikose siku ya wageni, askari waone ana watu.